Nyangumi wa Dolgogae: Risala ya Wakazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya yetu, uliyeacha ofisi yenye kiyoyozi ukapanda mlima huu kwa ajili yetu;

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Sanaa na Usanifu, kutoka Chuo Kikuu rafiki kule Seoul;

Ndugu maafisa wa Idara ya Utamaduni na Utalii, pamoja na ndugu maafisa wa Idara ya Usalama na Maafa, ambao leo tunawaona mmekaa meza moja kwa mara ya kwanza;

Wanafunzi wetu wapendwa; ndugu wapiga picha;

Mabibi na mabwana, hasa mabibi, maana mabwana wengi wa kijiji hiki wako makaburini kule juu na wameomba udhuru:

KARIBU DOLGOGAE

Sisi wakazi wa Dolgogae tunakupokea kwa mikono miwili, na yote miwili inanuka vitunguu saumu, kwa kuwa umetukuta katikati ya kung'oa. Mara ya mwisho kukuona hapa ulikuwa bado mgombea. Ulishika mkono wa kila mmoja wetu, ukatuita baba na mama, ukala chapati za vitunguu majani mpaka tukaogopa kwamba hutaweza kupanda gari. Leo umerudi, na kwa kuwa uchaguzi bado uko mwakani, tunajua kwamba kilichokuleta ni mapenzi matupu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuko tayari kupona.

Risala hii inasomwa na Ndugu Gye Oksun, Mwenyekiti wa Umoja wa Vijana wa Dolgogae. Usishangazwe na mvi zake, Mheshimiwa. Ana miaka sitini na tatu, na katika kijiji hiki huyo ndiye tunayemtuma dukani. Jana tulipokuwa tunamwandaa, Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Pyo Gilsu, alimwambia, "Oksun, soma polepole, na usitukane watu."

Naye akajibu, "Mzee, nikisoma polepole ndiyo matusi yatasikika vizuri."

Basi tumeyaondoa. Kilichobaki ni shukrani.

HISTORIA FUPI YA UKUTA

Mheshimiwa, huwezi kumfahamu nyangumi bila kuufahamu ukuta, na huwezi kuufahamu ukuta bila kumfahamu Bibi Jang Bunrye. Sisi tunamwita Bibi wa Gurye, kwa sababu alitoka Gurye kuja kuolewa hapa, na kwetu mwanamke hubeba jina la kwao hata akikaa ugenini miaka sitini. Ni yule pale mstari wa mbele, mwenye koti la zambarau. Usimpungie mkono sasa hivi, ataona haya.

Nyumba ya Bibi imeegemea mlima. Zamani, msimu mmoja wa mvua, mlima ulishuka ukaingia jikoni kwake bila kubisha hodi. Wanaume wa kijiji wakakusanyika wakajenga ukuta wa mawe nyuma ya nyumba, wakibeba kila jiwe mgongoni kwa chanja za mbao, na mume wa Bibi akiwa mmoja wao. Bibi alikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni, na yeye ndiye aliyewapikia wajenzi wote. Wajenzi wale hawakuwa na shahada, ila waliacha matundu mengi ukutani, chini na katikati, ili mvua ikinyesha mlima upate pa kwenda haja ndogo. Ukuta ule ulisimama, mlima ukajisaidia kwa staha, na Bibi akalea watoto wanne chini yake.

Miaka michache iliyopita mvua ilizidi, na ukuta ukaanza kutoa tumbo. Aliyegundua ni Bibi mwenyewe, kwa kamba yake ya kuanikia nguo. Kamba ile imefungwa upande mmoja kwenye msumari wa ukutani na upande wa pili kwenye nguzo ya nyumba. Ikalegea. Akadhani imechakaa, akaikaza. Baada ya mvua nyingine ikalegea tena, na shuka zikawa zinagusa chini. Hapo akaelewa kwamba kamba haijarefuka. Ukuta ndio umesogea.

Mzee Pyo akapeleka habari wilayani. Wilaya ikajibu kwamba jambo hilo litafikiriwa. Tunapenda kukushukuru kwa dhati, Mheshimiwa, maana limefikiriwa kweli kweli, kwa kina, na hadi leo bado linafikiriwa.

UJIO WA USHIRIKIANO

Wakati tunangoja fikra zikomae, bahati ikatuangukia. Wilaya na Chuo Kikuu zikatia saini makubaliano ya ushirikiano, yenye jina zuri la "Kijiji Kinachotabasamu". Likizo ya kiangazi mwaka jana, basi lilipanda mlima likashusha wanafunzi kumi wenye kofia za rangi moja. Sisi tulisimama kando ya barabara tukasikiliza. Hatukuwa tumesikia miguu inakimbia katika kijiji hiki tangu shule ilipofungwa.

Kiongozi wao alikuwa binti mmoja wa mwaka wa tatu, Tak Yebin. Alitukusanya kwenye ukumbi wa kijiji, akatuomba tuache karata kidogo, akatugawia vikaratasi vya kunata vya rangi nyingi tuandike humo matatizo yetu. Wengine hatukuwa na miwani, kwa hiyo Yebin alipita kwa kila mmoja akiuliza kwa mdomo.

"Bibi, wewe kitu gani kinakukosesha usingizi hapa kijijini?"

"Ukuta wa nyuma ya nyumba yangu," alisema Bibi wa Gurye. "Unanitisha, mjukuu wangu. Mvua ikianza siwezi kulala chumba cha nyuma."

"Unatisha," akarudia Yebin, akiandika kwenye kikaratasi cha njano. "Basi, Bibi, sisi tutaufanya upendeze."

Tunaomba asilaumiwe. Fungu alilopewa na wilaya lilikuwa la kupendezesha. Fungu la kutengeneza liko idara nyingine, ghorofa nyingine, na tunasikia lifti ya kwenda huko mbovu.

MAFANIKIO

Mheshimiwa mgeni rasmi, mafanikio ya ushirikiano huu ni makubwa na yanazidi kukua, kama utakavyoona mwenyewe ukigeuka nyuma.

La kwanza, tumepata nyangumi. Kijiji chetu kiko milimani. Kutoka hapa hadi baharini ni safari ya kutapika. Wengi wetu samaki mkubwa tuliyemwona ni kambare. Lakini wanafunzi walipolitazama tumbo la ukuta, Yebin aliruka kwa furaha. "Tazameni! Umbo limeshajitengeneza lenyewe!" Wakaamua kwamba pale palipovimba pawe tumbo la nyangumi. Wenzetu wa Idara ya Utamaduni walipofika kukagua walisema hawajapata kuona mchoro unaotoka ukutani kwa namna ile. Sisi tuliwaambia kwamba unatoka kweli.

Mawe yalikuwa na mabonde, na rangi haikukaa. Kwa hiyo kabla ya kuchora walipiga lipu ukuta wote, laini, safi, wakiwa juani mchana kutwa. Wakaziba na yale matundu.

Utauliza, Mheshimiwa, kwa nini hatukusema. Ni swali zuri. Mzee Pyo alikwenda kusema. Alisimama pale akiwa ameshika mikono nyuma, akakohoa. "Watoto wetu, haya matundu..."

"Yanatoa maji machafu, Mzee," alisema Yebin, pua imembabuka kwa jua. "Yataharibu rangi. Lakini usijali, tumeshayaziba."

"Aa. Sawa, sawa," akasema Mzee Pyo. Akatazama viatu vyake, akauliza, "Mmekula?"

Ndivyo tulivyolelewa. Tukiwa na neno zito moyoni, mdomoni hutoka "mmekula?" Wajukuu zetu wa damu hawaji hata kwenye sikukuu ya mavuno, wanatutumia picha. Hawa hawakutujua, na walikuwa wanachuruzika jasho kwa ajili yetu. Nani angewaambia wamekosea? Tuliwapelekea tikiti maji. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba hata visivyopaswa kuzibwa, na tunatarajia kujenga nyumba.

Lakini tundu moja lilisalia. Lilikuwa mahali pazuri, na Yebin akalifanya jicho. Ndiyo maana mvua ikinyesha, nyangumi wetu analia. Picha ya nyangumi anayelia ilipoingia mtandaoni, watu wakaanza kupanda mlima kila mwisho wa juma, na wilaya ikampa nafasi katika kijitabu cha vivutio. Imeandikwa humo kwamba machozi yale ni huzuni ya bahari. Sisi tulidhani ni mlima unaotafuta choo.

La pili, Bibi wa Gurye amepata wageni, yeye ambaye zamani alikaa siku nzima na redio. Wanapita uani kwake, wanakanyaga miche yake ya pilipili, wanamwomba aanue nguo kwa sababu zinaziba mkia. Wengine humwomba akae chini ya nyangumi huku amechuchumaa, apendeze. Yeye huwaletea viazi vitamu vya kuchemsha.

La tatu, na hili tunalisema bila mzaha hata kidogo, tumepata Yebin.

Siku ya kwanza aliyokula kwa Bibi wa Gurye, Bibi alimwongezea wali. Yebin akasema, "Ahsante, Bibi, nimeshiba." Bibi akamjazia bakuli. Siku ya pili akasema ameshiba kweli kweli, akaongezewa na supu juu yake. Alikuja kutuuliza ukumbini, karibu kulia, "Kwa nini Bibi haniamini?"

Tulicheka mpaka karata zikaanguka. Oksun ndiye aliyemfunza. "Wewe binti, mtu mwenye adabu anakataa mara mbili. Anayekupenda anauliza mara ya tatu. Ukikubali mara ya kwanza wewe mlafi. Na mwenyeji akiuliza mara moja akanyamaza, ujue hakutaka ule."

Tangu siku hiyo Yebin alikataa, akakataa, kisha akasogeza bakuli. Bibi wa Gurye akatutangazia, "Huyu sasa ni mtu."

CHANGAMOTO

Neno hili hatulipendi, lakini afisa wako wa itifaki alisema risala isiyo na changamoto inaonekana imepikwa.

Changamoto ni moja tu: nyangumi ananenepa. Theluji ilipoyeyuka alikuwa ameongezeka, na baada ya mvua za majira ya kuchipua akaongezeka tena. Kamba ya nguo, ambayo sasa imefungwa mkiani kwake, Bibi huikaza, kisha huikaza tena, na msumari wa nguzoni hauna tena pa kuzungushia. Lipu imepasuka tumboni kwa mistari myembamba. Wageni wanadhani ni ubunifu.

Usidhani kwamba serikali haikufika. Ilifika. Mwezi wa tatu, theluji ilipokwisha, Idara ya Usalama na Maafa ilimtuma kijana mtaratibu sana, Afisa Namgung, ambaye alilelewa mjini na leo yuko hapa kwenye meza ya kulia. Aliutazama ukuta, akaugonga kwa ngumi, akasikiliza, akabadilika rangi. Sisi tulikuwa tumejipanga uani, tukimwangalia kama watu wanaomtazama daktari. Kisha akamgeukia Bibi wa Gurye akasema maneno ambayo tuliyangoja miaka yote:

"Bibi, huu ukuta una hatari. Tuje tuubomoe na tuujenge upya?"

Bibi akajifuta mikono kwenye aproni. "Aa, mwanangu, wa nini tena? Mimi nimeshazeeka, kesho kutwa nakufa. Msijisumbue bure. Wapelekeeni wenye shida."

"Haya, Bibi," akasema Afisa Namgung. "Kama hutaki, ni haki yako."

Akaandika. Akainama kwa heshima, akapanda gari, akaondoka.

Bibi alikuwa ameshika birika. Alikuwa ametia maji ya chai kwa ajili ya mara ya pili, na kwa ajili ya mara ya tatu alikuwa ameficha kabatini keki za mchele. Alibaki amelitazama gari linavyoshuka kona.

"Ameondoka?" akauliza.

"Ameondoka," tukasema.

"Hakuuliza tena?"

"Hakuuliza."

Bibi akatua birika. "Masikini," akasema. "Mama yake hakumfundisha."

Siku ile, Mheshimiwa, hatukucheka. Mzee Pyo alishuka wilayani na basi la asubuhi. Idara ya Usalama na Maafa ikamweleza kwamba mkazi mwenyewe amekataa matengenezo, na serikali inaheshimu hiari ya wananchi. Mzee akasema, "Lakini alikuwa anakataa kwa adabu tu!" Wakamwambia kwamba kwenye fomu hakuna sehemu ya adabu. Akapanda ghorofa ya pili, Idara ya Utamaduni na Utalii, akaambiwa kwamba hata mkazi akikubali, ukuta sasa ni kivutio kilichosajiliwa, na hakiwezi kuguswa mpaka kibao cha shaba kifunuliwe na Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mzee Pyo akarudi nyumbani akalala bila kula, jambo ambalo mkewe anasema halijapata kutokea.

Sisi tulimshauri Bibi. Tulimkalisha ukumbini tukamwambia akija mtu mwingine yeyote wa serikali, aseme ndiyo papo hapo. Tukafanya naye mazoezi. Oksun akajifanya afisa. "Bibi, tukutengenezee ukuta?"

"Aa, mwanangu, msijisumbue," akasema Bibi.

"Bibi! Tumesema nini?"

"Nimejaribu, Oksun. Mdomo unakwenda wenyewe."

Mwezi uliopita Yebin alikuja peke yake, bila kofia ya rangi wala basi. Alikuja kumsalimia Bibi. Alipoona tumbo la nyangumi, alilipapasa kwa kiganja. Kisha akauliza matundu yale yalikuwa ya nini. Safari hii Mzee Pyo hakumuuliza kama amekula. Alimwambia.

Yebin alilia, akaenda dukani mjini, akarudi na nyundo na tindo.

"Bibi, naomba nimpasue nyangumi wangu."

"Aa, mjukuu wangu, picha nzuri hivi! Acha tu."

"Bibi, naomba. Nimekosea mimi, niruhusu nitoboe."

"Umetoka mbali. Kaa kwanza, ule."

Yebin hakukaa. Alipiga magoti pale kwenye mchanga, mbele ya Bibi, akaomba mara ya tatu. Bibi hakujibu kitu. Aligeuka, akaanza kuhamisha mitungi yake ya maharage iliyokuwa chini ya ukuta, mmoja mmoja, kuipeleka upande wa pili wa ua. Sote tulielewa, tukaenda kumsaidia kubeba.

Yebin alifungua tundu moja tu. Mheshimiwa, maji yaliyotoka pale yalikuwa mekundu, yenye udongo, na yalitoka kwa nguvu mpaka yakamwangusha chali. Alikuwa anaanza la pili wakati gari la Idara ya Utamaduni lilipofika, kwa kuwa mtalii mmoja alikuwa amerusha picha.

"Dada, unaharibu mali ya wilaya!"

"Niliichora mimi!"

"Ndiyo maana tunalijua jina lako."

Wakachukua nyundo. Kesho yake wakaleta fundi, akaziba lile tundu kwa saruji na kulipaka buluu. Tunaomba kumpongeza fundi yule. Rangi imelingana kabisa, mtu hawezi kujua. Jina la Yebin nalo likaondolewa kwenye orodha ya wanaotunukiwa vyeti leo. Lakini amekuja. Ni yule anayepita na sinia la vikombe, amevaa aproni ya Bibi. Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo, ulipompa kikombe kitupu hukumtambua.

MAOMBI

Mheshimiwa mgeni rasmi, hatuna ombi lolote. Umetufanyia mengi, na una shughuli nyingi. Usijisumbue.

Kweli, hatuna. Wapo wenye shida kuliko sisi.

Tunaona bado umekaa, hukuinuka. Ahsante. Basi kwa kuwa risala imefika mara ya tatu, tutasema.

Kwanza, kile kibao cha shaba. Tumeona drili na misumari mirefu. Tunashauri kwa unyenyekevu kwamba kibandikwe kwa gundi, au kishikwe na Afisa wa Utamaduni kwa mikono yake mpaka picha ipigwe.

Pili, ni kiti chako. Maafisa wako wa itifaki ndio waliochagua meza kuu ikae hapo, mgongo kwa nyangumi, kwa sababu picha inatoka vizuri. Tuliwauliza mara tatu kama wana hakika. Mara zote tatu walisema ndiyo. Ni watu wanaojua wanachokitaka. Usiku kucha mvua ilinyesha, na hayo maji unayoyasikia nyuma ya shingo yako ni jicho.

Asubuhi, viti vilipokuwa vinapangwa, Bibi wa Gurye alitoka ndani akiwa hajachana nywele. Akamshika mkono afisa wa itifaki, mtu asiyemjua, akamwambia, "Msimkalishe mgeni pale. Ni mtoto wa watu. Pataanguka." Tumeishi na Bibi miaka sitini, na hatujapata kumsikia akiomba kitu mara moja, wazi, bila kuzungukazunguka. Afisa akamjibu, "Bibi, usijisumbue." Akafungua kiti kingine.

Kwa hiyo tunakuomba usogee. Sogea sasa, kabla hatujamaliza, hatutaona vibaya. Sogeza na wenzako wote. Kuna kivuli chini ya kibanda cha vitunguu, na tumeshaweka mikeka.

Na ukishakaa huko, tuna ombi la tatu. Kiti chako kina miguu minne na kinabebeka. Nyumba ya Bibi haibebeki. Yeye usiku wa leo atalala chini ya ukuta huohuo ulioupa mgongo.

Tunaomba umwendee mwenyewe, usimtume mtu. Muulize kama anataka ukuta wake ubomolewe na ujengwe upya, wenye matundu. Atakwambia ameshazeeka, usijisumbue. Usiseme haya. Kaa, pokea chai. Muulize tena. Atakwambia wapo wenye shida kuliko yeye. Kunywa chai, kula na keki za mchele, ni zako. Kisha muulize mara ya tatu, na atanyamaza. Ukimwona ameinuka anaanza kuhamisha mitungi yake, vua koti umsaidie kubeba, na umwite Afisa Namgung aje aone jibu linavyotolewa, apate na pa kuliandika. Nyundo ya Yebin, Mheshimiwa, iko ndani ya gari la Idara ya Utamaduni, chini ya kiti cha nyuma. Tumeiona.

Mbingu zikujalie safari kavu ya kurudi, wazazi wako walale salama huko waliko, na usingizi wako wa leo uwe mzito kuliko wa Bibi. Haya ni maneno yetu sote tulio hai, kwa idhini ya walioomba udhuru.

Ni sisi,

Wakazi wa kijiji cha Dolgogae.

Asubuhi mtabiri alisema mvua kubwa itaanza saa kumi. Sasa ni saa tisa, Mheshimiwa, na chai iko tayari.